Siku Moja na Shosho Kwenye Foleni ya Cheti

Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, wanatuita "wale wa karo". Ni kweli wakfu wetu mdogo hulipia wanafunzi kadhaa wa shule za umma, lakini karo ndiyo sehemu ndogo ya kazi yangu. Sehemu kubwa ni karatasi.

Saa 12 asubuhi niko Juja Road na mkoba mgongoni: fomu za basari, sodo, sare mbili za mtoto aliyeunguliwa na nyumba.

Saa 1 na nusu nafika shuleni. Nakabidhi sare, nasaini daftari la wageni, naongea na mwalimu mkuu. Kijana wa Gredi ya 8 bado hana cheti cha kuzaliwa, na mwakani anatakiwa kufanya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9.

Wengi wanadhani elimu ni ya bure tangu 2003, basi imekwisha. Kiwango cha serikali ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 15,042 kwa wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), lakini pesa hizo humfuata mtoto aliyesajiliwa kwenye mfumo wa wizara ya elimu, na usajili huo unadai cheti. Asiye nacho anakaa darasani, anatumia chaki na kitabu kilichotumwa kwa ajili ya wenzake. Ndiyo maana leo ninaandamana na shosho, nyanya ya kijana huyo.

Saa 3 tuko foleni mjini, kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Shosho amevaa leso yake nzuri. Ndani ya karatasi ya nailoni amefunga kadi ya kliniki ya mjukuu, kitambulisho cha marehemu binti yake, kibali cha mazishi na barua ya chifu. Ameacha sufuria ya githeri aliyokuwa auze leo.

Tunasogea hatua moja, tunasimama. Watu wanapita pembeni na karani mmoja anawajua kwa majina. Mguu wa shosho unavimba. Naomba kiti, naambiwa viti ni vya wafanyakazi. Anakaa kwenye ngazi, nami namshikia nafasi. Kila dakika kumi ananiuliza, "Mwalimu, tumefika wangapi?" Mimi si mwalimu, lakini sijawahi kumsahihisha.

Saa 6 kasoro tunafika dirishani. Karani anaangalia kadi, anaangalia barua, anarudisha zote.

"Jina la mama lina herufi mbili tofauti. Mrudi kwa chifu."

"Kijana," shosho anasema, "huyo niliyemzaa mimi. Nakwambia ndiye."

"Shosho, mimi naona karatasi."

Nilijaribu kueleza kwamba kitambulisho kipo na tahajia sahihi iko hapo, kwamba aliyekosea ni muuguzi aliyejaza kadi miaka kumi na tatu iliyopita. Alishamwita anayefuata. Kilichoniumiza zaidi ni shosho kuniomba msamaha, eti amenipotezea siku.

Tukapanda matatu kurudi. Chifu alikuwa kwenye baraza. Tukakaa kwenye benchi, jua likatuhamisha mara mbili. Shuleni saa hizo mjukuu alishagusisha bangili yake ya kulipia chakula na kula kwa shilingi 5, ule mpango wa kaunti wa Dishi na County, na nashukuru upo, kwa sababu nyumbani sufuria ilikuwa baridi. Sisi wawili tuligawana chapati moja.

Barua mpya tuliipata. Kurudi mjini, sijui ilikuwa saa ngapi, dirisha la kupokea fomu lilikuwa limefungwa. Askari alisema keshokutwa.

Baada ya hapo nimepita nyumba tatu Mabatini. Mama mmoja anataka kujua kwa nini basari ya wadi haikufika na shule ya bweni imemrudisha binti nyumbani. Mwingine hakuwepo. Ya tatu siikumbuki vizuri, nilikuwa nimechoka. Nina saini yake tu kwenye fomu.

Saa 2 usiku naandika ripoti kwa tochi ya simu, stima zimepotea. Ofisi inataka idadi ya watoto waliosaidiwa leo. Kijana wa Gredi ya 8 sina mahali pa kumjaza, fomu haina nafasi ya cheti ambacho hakijatoka. Nimemwandika pembeni kwa kalamu: keshokutwa, saa 1 asubuhi, mjini. Shosho amenipigia kusema atatangulia kushika foleni, na kwamba atakuja na kigoda chake.