Mishumaa ya kweli juu ya mti

Jamani, leo mkesha wa Krismasi nimekula na familia iliyonipokea hapa Bern, Uswisi.

Chakula ni fondue chinoise. Sufuria ya supu inatokota katikati ya meza, kila mtu na uma wake mrefu, unachovya kipande chembamba cha nyama, kikiiva unakula. Hakuna haraka, soga tu. Ila pilipili, ng'o!

Mara kengele ikalia sebuleni. Watoto wanaambiwa ni Christkind, yaani Mtoto Yesu, kaleta zawadi.

Taa zimezimwa.
Mti mbichi kabisa, umejaa mishumaa inayowaka moto!

Wenzangu wanaimba. Mimi jicho liko kwenye ndoo ya maji aliyoiweka baba mwenye nyumba pembeni ya mti, na taulo lililolowa juu yake.

Nyie mngethubutu? Hebu semeni 😂