Nyumba ya Kiyosumi, ng'ambo ya mto Sumida

Ramadhani ya 2014 Kombe la Dunia liliisha katikati ya mfungo, na barazani kwetu Tanga tukabaki hatuna la kuzungumza tukingojea adhana ya magharibi. Ndipo kaka yangu akatusomea kwenye simu habari za Mmisri anayepigana sumo, mieleka ya Kijapani. Amewaangusha yokozuna wawili, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo. Yokozuna ndicho cheo cha juu kabisa katika mchezo ule. Naye kijana amefunga.

"Amefunga na maji?" akauliza mzee mmoja.

"Na maji, mzee."

Jina lake ni Abdelrahman Shaalan, na ulingoni wakimwita Osunaarashi, dhoruba kuu ya mchanga. Tangu jioni ile nilitamani kuiona nyumba iliyomlea.

Aprili 2025 mafunzo ya kazi yakanifikisha Tokyo. Jumamosi ya kwanza nilitoka alfajiri, nikashuka kituo cha Hamacho. Nilianzia hapo kwa sababu kambi ya Arashio ina madirisha makubwa yanayotazama barabara, na mpita njia anaruhusiwa kusimama nje akatazama mazoezi bila kulipa. Wajapani huiita kambi ya sumo heya, maana yake chumba. Mimi naona neno letu linaloikaribia ni chuo, kile cha zamani, ambako mtoto alipelekwa akakaa kwa mwalimu, akafagia, akachota maji, na elimu akaipata humo humo. Vijana wa sumo huingia wakiwa na miaka kumi na mitano na kuendelea, hulala pamoja, hupika kwa zamu, na mwenye cheo cha chini ndiye anayetangulia kuamka na anayekula mwisho. Mshahara ni wa madaraja mawili ya juu tu. Wengine wote wanaishi kwa posho.

Nyuma ya kioo kulikuwa na ulingo wa udongo, duara la mita 4.55, na vijana waliopiga ubinda mweusi wa kitambaa kizito. Wenye vyeo huvaa mweupe mazoezini. Kwanza walinyanyua mguu mmoja mmoja juu, wakaushusha kwa kishindo, tena na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Kisha wakaanza kusukumana. Mmoja husimama akitoa kifua, mwenzake anamvamia na kumsukuma hadi ukingoni, anaangushwa, anabingirika, anarudi. Kijana mmoja mwembamba kuliko wenzake alirudi mara nyingi hata nikahisi magoti yangu mwenyewe yanalegea. Mgongo wake wote ulikuwa mchanga. Hakuna aliyecheka wala kumhurumia. Mazoezi yalipoisha alimwinamia yule aliyekuwa akimwangusha, akamshukuru.

Nilivuka daraja la Kiyosu kwa miguu. Ni daraja la chuma la buluu la mwaka 1928, na mto Sumida ulikuwa umetulia chini yake. Ng'ambo ya pili ndiko Kiyosumi, mtaa wa vichochoro vya kimya, na humo ndimo iliyomo kambi ya Otake, nyumba iliyomlea Shaalan.

Aliyeianzisha ni Taiho. Alizaliwa mwaka 1940 kisiwani Sakhalin, mama Mjapani, baba mtu wa Ukraine. Vita vilipokwisha mama akakimbilia Hokkaido na wanawe, na baba hawakumwona tena. Mtoto huyo aliuza natto, soya iliyochachushwa, ili nyumbani wapate riziki. Mwaka 1961 akawa yokozuna, ana miaka 21. Alishinda mashindano makuu 32, rekodi iliyodumu hadi yokozuna mwingine, Hakuho, alipoivunja mwaka 2015. Watoto wa enzi zake walisemekana kupenda vitu vitatu: timu ya besiboli ya Giants, Taiho na mayai ya kukunja. Mimi kilichonigusa zaidi ni magari ya kubebea damu aliyokuwa akilipatia Shirika la Msalaba Mwekundu mwaka hadi mwaka.

Alistaafu 1971, akafungua kambi kwa jina lake mwenyewe, heshima wanayopewa wachache sana. Jina hilo halirithiwi. Kwa hiyo alipomwachia kambi mkwewe, Takatoriki, ikabadilika na kuitwa Otake. Mwaka 2010 Takatoriki alifukuzwa katika sumo kwa kucheza kamari, na mwanafunzi wa Taiho aitwaye Dairyu akaibeba nyumba iliyotikisika.

Huyo ndiye aliyempokea Shaalan. Kanuni inaruhusu kila kambi mgeni mmoja tu, na kambi kadhaa zilikuwa zimeshamkatalia. Novemba 2013 akapanda daraja la juu, Mwafrika wa kwanza kufika huko. Pambano lake mwezi wa mfungo lilikuwa alasiri, futari bado. Mwaka 2018 aliondoka katika sumo baada ya kesi ya kuendesha gari bila leseni. Habari ile iliniuma, na inaniuma hadi leo. Hata hivyo nyumba iliyomfungulia mlango wakati wengine wamefunga naiheshimu, na siku ile niliitolea salamu nikiwa nimesimama upande wa pili wa barabara.

Sasa kambini humo yumo Oho, mtoto wa Takatoriki, mjukuu wa Taiho. Herufi ya mwisho ya jina lake, ile ya Kijapani isomekayo "ho", ameirithi kwa babu. Januari 2025 alimaliza mashindano akiwa sawa na Hoshoryu na Kinbozan, ikabidi wapambane upya, naye akashindwa.

Nikiwa bado nimesimama alipita kijana mnene juu ya baiskeli, nywele zimefungwa juu, na kikapuni kabichi mbili na vitunguu virefu vya majani. Chakula cha mchana hicho. Akashuka, akaniinamia kichwa, akavua kandambili mlangoni na kuzipanga sawasawa kando ya nyingine, akaingia.