Kanisani au sokoni bila kushikwa mkono

Nilipokuwa nasoma sheria Edinburgh, huko Uskoti, mchana mmoja mwalimu wa historia ya sheria alitugawia nakala ya hati ya kale ya ardhi. Nilikuwa naisoma kwa kubahatisha, Kiskoti chake kikinipa taabu, mpaka nikakwama kwenye maneno mawili: liege poustie.

Poustie asili yake ni potestas ya Kilatini, yaani mamlaka, iliyopitia Kifaransa cha zamani. Mtu aliyekuwa katika liege poustie alikuwa mzima wa afya, na kwa uzima huo sheria ilimruhusu kutoa ardhi yake apendavyo. Kinyume chake ni kitanda cha mauti. Aliyekwisha kushikwa na ugonjwa uliokuja kumuua, kisha akaandika hati ya kumnyima mrithi ardhi, mrithi aliweza kwenda mahakamani hati ikabatilishwa. Waliogopewa wale wanaouzunguka mto wa mgonjwa na kumnong'oneza.

Basi uzima ulipimwaje? Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Kwa sheria ya 1696, mtoaji akiishi siku 60 baada ya hati, imepita. Ama sivyo, awe ameonekana akienda kanisani au sokoni bila kushikiliwa, tena wakati watu wamekusanyika. Cheti cha tabibu hakikutajwa. Mashahidi ni majirani, wauza samaki, waumini wenzake. Sheria hiyo ilidumu hadi 1871.

Niliomba kusema. Nikawaeleza wenzangu kwamba sisi Waislamu wa Mombasa tuna kanuni ya maradhi ya mauti: mgonjwa akitoa mali katika maradhi yanayohofiwa kumuua, naye akafa nayo, zawadi ile huhesabiwa kama wasia, haivuki thuluthi ya mali mpaka warithi waridhie. Darasa likachangamka. Mimi moyo ulikuwa kwetu, kwa marehemu babu, aliyemwandikia kijana aliyemlea nyumba ya Mji wa Kale. Ukoo uligawanyika. Waliokuwa chumbani wakiapa kwamba babu alikuwa mzima, waliokuwa nje wakiapa kwamba alikuwa wa kufa leo au kesho. Kadhi alikata thuluthi, lakini maneno hayakwisha. Naamini hadi leo kwamba Waskoti wale walijua jambo: ushahidi wa barabarani hauna mwenyewe, ila wa chumbani kila mtu ana wake.

Jioni nilimpigia mama.

"Mama, shikamoo. Babu baada ya kutia ile saini, aliwahi kutoka?"

"Marahaba, mwanangu. Alitoka Ijumaa moja, kwenda msikitini."

"Peke yake?"

"Peke yake wapi! Mjomba wako alimshika kwapani toka mlangoni mpaka kwenye safu. Na kurudi alirudishwa kwa mkokoteni. Mtaa mzima uliona."

Nikamsomea kanuni ya kanisani na sokoni. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpigie mjomba usiku uleule, nimsomee na yeye.