Siku moja kwenye karakana ya sabuni Ujiji: mkopo unavyolala kwenye rafu

Saa 12:00 asubuhi. Kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huanza kabla ya moto kuwashwa, maana ndiyo inayochelewa kupoa. Mkupuo wetu ni kilo 20 za mafuta: mawese 14, mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) 6. Kwa hayo tunapima kostiki kilo 2.87 na maji lita 5.75. Hesabu hiyo inaacha mafuta kidogo, kama asilimia 5, yasiyogeuka sabuni, ili mche usichubue mikono. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, taratibu, ndani ya ndoo ngumu ya plastiki. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka ghafla na kuruka usoni. Sufuria za alumini hazisogei hapa kabisa: kostiki inazila na kutoa gesi inayowaka.

Anayepima hutumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo mizani iko kwenye meza ya chini. Hilo nalo lina hatari yake: ndoo ikiwa usawa wa kifua, tone likiruka linafika machoni. Miwani na glavu ni lazima, na dumu la maji safi liko pembeni. Tone likikugusa, osha kwa maji mengi. Usijaribu kuizima kostiki kwa siki kwenye ngozi.

Saa 1:30. Mawese yanapashwa moto mpaka yaache kutoa mlio. Mlio ni maji, na wauzaji wengine huyaongeza makusudi. Mafuta yaliyochacha yana tatizo jingine: yakikutana na kostiki yanaganda hapo hapo kwa mabonge kabla hujayamimina.

Saa 2:30. Vyote vikishuka hadi nyuzi 40 au 45, tunachanganya. Anayekoroga ni kiziwi, kwa hiyo tahadhari zote ni kwa taa nyekundu iliyofungwa mbele yake. Kupiga kelele hakumsaidii. Mchanganyiko ukiwa kama uji mzito na mwiko ukaacha alama juu, unamiminwa kwenye fremu za mbao zilizotandikwa nailoni. Usipofikia hapo na ukaharakisha, kesho utakuta mafuta yanaelea juu. Sababu nyingine ya mafuta kuelea ni kostiki iliyovuta unyevu kwa kuachwa wazi: kwenye mizani uzito upo, nguvu haipo.

Saa 4:00. Tunakata sabuni ya jana kwa waya. Ikikatwa mapema mno inanata, ikichelewa sana inapasuka kingoni. Mkupuo mmoja hutoa miche 190 hivi ya gramu 150. Mwenzetu asiyeona ndiye anayepanga kwenye rafu; kila ubao una mikato ya kisu pembeni, mkato mmoja kwa kila wiki, na hajawahi kuchanganya.

Saa 6:00. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anakagua daftari la mauzo, taarifa ya benki na vifaa. Mtaji wetu ni mkopo kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inasema mkopo huo hauna riba. Riba hauna, lakini tarehe ya rejesho unayo.

Saa 8:00. Mambo ya zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi kwa makundi maalum (wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu), na maombi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Kituo cha afya au shule ya bweni ni mteja mzuri, anachukua maboksi mengi kwa mara moja. Ila ataulizia alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na safari ya kuipata kwa mjasiriamali mdogo huanza na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kisha kamati ya mapokezi inahesabu mzigo, inasaini, ankara inapelekwa. Halafu unasubiri.

Saa 9:30. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama, na sidhani kama ni uvivu. Sabuni ya aina hii hukaa rafuni wiki 4 ikikauka, na masika zaidi. Mkupuo mmoja kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni kilo 400 za mafuta na zaidi ya kilo 57 za kostiki kabla hujauza mche wa kwanza. Mnunuzi wa serikali akilipa baada ya wiki 8, ongeza kilo 800. Jumla ni kilo 1,200 za mafuta ambayo umeshayalipia na hayajarudi kama fedha. Wakati huo andiko la mkopo lilijaa mashine ya kukatia na ya kugonga nembo, na mafuta yakapewa mstari mmoja wa chini.

Waya na fremu za fundi seremala zinatosha kuanzia. Kwenye andiko, weka malighafi ya wiki 12 juu kabisa, mashine baadaye. Na usipeleke mzigo wote kwenye zabuni: nusu iende kwa maduka ya hapa Kigoma, Mwanga na Kibirizi, yanayolipa taslimu, ndiyo italipa rejesho la mwezi.

Saa 11:00. Pipa la kostiki linafungwa kwa mfuniko wenye mpira, funguo zinabaki kwa wawili tu.