Fremu ya Magongo

Magongo yale niliyakuta yameegemezwa kwenye nguzo ya kibanda cha mitumba, soko la Memorial, Moshi, Januari 2012. Magongo ya kutembelea, ya aluminiamu, yale ya kuweka kwapani, ya mtu mrefu kweli. Mama muuzaji alisema yalikuja ndani ya robota la makoti na tangu hapo hakuna aliyeuliza hata bei. "Chukua kwa elfu nne, mwanangu. Nani anatafuta ugonjwa?" Nikatoa elfu tatu na mia tano, akaniongezea na kamba ya kuyafungia.

Mguu wangu ulikuwa mzima. Kilichoumwa ni shingo. Ulikuwa msimu wangu wa tatu nikiwa mgumu, ndivyo sisi wapagazi wa Kilimanjaro tunavyojiita, na kila nikishuka mlimani shingo ilikaa siku mbili haigeuki. Mtu akiniita barabarani, nageuka mwili mzima kama mlango. Mzigo wa mgeni huwa kichwani, juu ya ngata, na mgongoni unaning'iniza begi lako mwenyewe lenye blanketi na nguo. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini kilo 20 za kichwani na kilo 20 za mgongoni si ndugu. Nilikuwa nimewatazama wageni wenye mabegi makubwa ya safari: mkanda mpana umekaza kiunoni, mabega yamelegea, uzito wote umekalia nyonga. Nikajiuliza kwa nini nyonga zangu zinapanda mlima bure.

Begi nilikuwa nalo, la mitumba pia, mikanda yake mizima, ila mtu aliyelitupa alibaki na vyuma vya ndani. Begi lisilo na fremu ni gunia lenye mikanda tu. Ukikaza mkanda wa kiunoni linajikunja katikati, na uzito unarudi mabegani ulikotoka.

Nilianza kwa fundi wa kuchomelea. Aliangalia magongo, akaangalia mashine yake, akanirudishia. "Aluminiamu hapa haishiki. Utanimalizia vijiti bure." Ndipo nikaenda Pasua kwa mjomba, fundi baiskeli, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna kitu kisichofungika kwa nati.

"Hatuchomelei," alisema. "Tunatoboa, tunafunga. Lakini kupinda ni mara moja tu, mjomba. Ukikosea, umenunua kuni."

Fremu lazima ifuate mgongo: inyooke mabegani, iingie kidogo kiunoni. Bomba tupu ukilipinda linabonyea, na likishabonyea pale ndipo litakapokatikia. Mjomba akanituma mchanga. Tukaukaanga kwenye karai mpaka ukakauka ukawa unamiminika kama sukari, tukaujaza ndani ya mabomba tukigonga-gonga ushuke, tukaziba ncha kwa vijiti vilivyochongwa. Mchanga ukijaa sawasawa bomba halina pa kubonyea. Akabana rimu ya baiskeli kwenye jiliwa, akalilaza bomba juu yake, akalisukuma kwa tumbo. Fundi mwingine angetumia mikono, lakini mjomba tumbo lake alilifanya kifaa cha kazi. Bomba likapinda taratibu bila hata alama. La pili tulilipinda likilala juu ya la kwanza ili yafanane.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya jioni mbili. Mabomba mawili marefu kwa ubavuni, vipande vitatu vya kukatiza, boliti za baiskeli, na vipande vya mpira wa tyubu katikati ya kila kiungio ili visilie. (Vililia hivyo hivyo. Kuanzia siku ya kwanza nilitembea na mlio wa mlango wa banda la kuku.) Chini tulifunga nusu ya keria ya Phoenix, mzigo upate pa kukaa. Kwa upande wa mgongo nilisuka mipira ya tyubu, kama mtu anavyosuka kitanda cha kamba, nikiivuta mpaka ikawa inalia ukiipiga kidole. Bomba lisiguse mgongo, na upepo upite.

Mjomba alitaka tukate ncha za juu ziwe usawa wa kisogo. Nilikataa. Niliona uchungu kuukata urefu nilioulipia, na nikajiambia siku moja nitabeba mzigo mrefu. Ncha zikabaki shibiri nzima juu ya kichwa changu.

Halafu maji. Mgeni mmoja alikuwa ameniachia kifuko chake cha maji cha lita mbili, chenye mrija mrefu unaopita begani hadi mdomoni. Kile kipande cha kung'ata mwisho wa mrija kilikuwa kimepotea, na bila hicho maji yanakutiririkia kifuani. Nilihangaika na vifuniko vya kalamu, na vizibo, mwisho nikanunua dukani chuchu ya chupa ya mtoto, nikaikata mchano mdogo kwa wembe, nikaifunga kwa waya. Ukiing'ata inafunguka, ukiiachia inajifunga. Najivunia hiyo chuchu kuliko fremu yote.

Kifuko chenyewe hakitaki kuwekwa ovyo. Lazima kining'inie kwa kichwa chake. Ukikitumbukiza tu kinashuka chini, kinakunjamana, mrija unajipinda na maji yanakata. Nilichukua mguu mmoja wa suruali ya jinzi, mama akaushona chini kwa cherehani yake, ndani tukaweka kipande cha godoro la sponji kuzuia baridi, juu nikatoboa matundu mawili na kutia ndoano za waya wa henga. Ukaning'inia kwenye bomba la juu kama soksi kwenye kamba. Mama aliniuliza mguu wa pili wa suruali unavaliwa na nani.

Getini Machame fremu ilipopanda kwenye mizani, kijana wa kupima aliuliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Bado ilikuwa na namba zile za kurekebishia urefu, zimechongwa kwenye bomba. Wenzangu walicheka, lakini walipoiona chuchu walikaa chini kabisa. Mzee mmoja katika kundi letu, aliyeanza kupanda kabla sijazaliwa, alishika mrija, akaufuata kwa kidole kutoka mdomoni mwangu mpaka mgongoni. "Azimio la Arusha lilipotoka 1967 tuliambiwa mirija yote imekatwa," alisema. "Huu umetoka wapi?" Tangu hapo jina langu safari nzima likawa Mnyonyaji.

Ni mzee huyo huyo aliyeniambia, tukianza kuingia msituni, kwa sauti ya kawaida tu, "Mzigo wa kichwani utautupa. Wa mgongoni utakutupa wewe." Nilimjibu "ndiyo, mzee," na sikumsikia.

Kwa nini nimsikie? Nyonga zilikuwa zinafanya kazi. Shingo ilikuwa huru, naangalia miti, naangalia nyani, vitu nilivyokuwa navisikia tu kwa misimu mitatu. Mvua ya msituni ililowesha jinzi ikawa nzito kama mtoto aliyelala, hilo sikulifikiria. Lakini nilifika kambi ya kwanza shingo nzima.

Siku ya tatu tulilala kambi ya Barranco, na asubuhi yake ni ule ukuta. Ni kama mita 250 za mwamba, si wa kamba wala vyuma, lakini kuna mahali mikono inafanya kazi kuliko miguu. Mgumu mwenye mzigo kichwani anafika pale anaushusha, anamkabidhi aliye juu, anapanda, anaupokea. Mimi nilikuwa nimefungwa na mzigo wangu kiunoni, kifuani, mabegani. Nikashika mwamba, nikainua mguu, nikajivuta. Kichwa kilipita. Ile shibiri ya juu haikupita. Ilikuwa imegota chini ya jiwe lililochomoza, na kadiri nilivyojivuta juu ndivyo fremu ilivyonisukuma nje, taratibu, kwa nguvu zangu mwenyewe. Nakumbuka niliona vidole vyangu vikinyooka juu ya mwamba, kimoja kimoja.

Mkono ulishika keria kwa nyuma. Ulikuwa wa mzee. Hakuvuta, alinikandamiza tu kifua kikalala kwenye jiwe. "Fungua kiuno," alisema. "Sasa kifua. Usiangalie chini, hakuna kitu chako huko." Nilifungua kwa mkono mmoja unaotetemeka, wawili wakaipokea fremu juu na mizigo yake, na chuchu ikapita mbele ya macho yangu ikining'inia, ikidondosha maji. Hakuna aliyecheka mpaka tulipofika juu. Hapo walicheka mpaka wakakaa.

Mzee hakurudia maneno yake. Kesho yake, kambi ya Karanga, kiongozi alikuwa anagawa maji ya kupandisha. Karanga ndiyo maji ya mwisho njia hiyo; mbele ni Barafu, zaidi ya mita 4,600, na pamoja na jina lake hakuna hata kijito. Kila tone la kupikia linabebwa. Kiongozi aliniangalia. "Wewe si una kreni?" Nikapewa dumu la lita 20, na mzigo wa mgeni wangu akapewa mwingine.

Nililijaza mpaka mdomoni, maana dumu lenye nafasi maji yanacheza na kukuyumbisha. Nikalikalisha kwenye keria, nikalifunga kwa mkanda wa gari niliouokota kwenye skrepa. Wenzangu walipanda mkono mmoja juu umeshika dumu kichwani, vidole vinakufa ganzi kwa upepo. Mimi nilipanda mikono ikiwa mfukoni. Mzee alikuwa nyuma yangu njia yote, nasikia pumzi yake. Tulipotua Barafu alizunguka fremu mara mbili, akabonyeza mipira ya tyubu kwa dole gumba, akauliza mjomba wangu anapatikana wapi.

Usiku ule nilisahau kuupuliza mrija. Kiongozi alikuwa amenifundisha: ukishakunywa, puliza maji yarudi kwenye kifuko, yasibaki njiani. Asubuhi mrija ulikuwa umeganda kama fimbo, ukiupinda unalia, na mguu wa jinzi, ambao haukuwahi kukauka vizuri tangu msituni, ulisimama peke yake nje ya hema kama una mtu ndani.

Pasua, mjomba aliniona naingia na fremu na hakuuliza kitu. Alitoa msumeno wa chuma ukutani.

"Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Vipande viwili vilianguka, shibiri moja moja. Kimoja alikitia kwenye pampu yake iliyovunjika mshikio. Kingine alikitupa kwenye kopo la nati.