Vipande vya paa kwenye tuta la karoti

Jembe liligonga kitu kigumu, nikadhani ni jiwe. Nilipokiinua nikaona kipande bapa cha kijivu, chenye mawimbi kama bati lakini kinene zaidi. Pale kilipovunjika, vinyweleo vyeupe vilikuwa vimesimama kama nyuzi za katani. Nilikipuliza kwa mdomo kuondoa vumbi. Pumzi ile inaniuma hadi leo.

Aliyekuwa na kiwanja kabla yangu alibomoa banda lililoezekwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, na kufukia vifusi palepale. Misimu miwili nilikuwa nimelima juu yake, mwanangu akichezea udongo pembeni yangu.

Nilikilowesha kile kipande, nikakifunga kwenye mifuko miwili na kukipeleka maabara. Walikitazama kwa hadubini, wakakuta ni krisotaili, yaani asbesto nyeupe, iliyochanganywa na saruji. Sampuli za udongo wa kona ile nazo zilikutwa na nyuzi. Mpimaji alinieleza jambo moja ambalo ndilo lililoniongoza katika yote niliyofanya baadaye: "Dada, weka jembe chini kwanza. Udongo ukitulia, nyuzi nazo zinatulia."

Kwa mtu aliyezoea kutifua, hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Nilipoona tatizo, mikono yote ilitaka kuchimba na kuchekecha nilimalize siku hiyohiyo. Lakini asbesto haiozi, haiyeyuki majini, wala jua haliiunguzi. Ikikaa ndani ya udongo wenye unyevu inatulia miaka na miaka. Hatari huanza udongo unapokauka na mtu akautibua, kwa sababu nyuzi zinazoingia mapafuni ni nyembamba mno, macho hayazioni.

Kilichonikosesha usingizi ni chakula tulichokuwa tumekula. Nilitulia kiasi nilipoelewa kwamba mizizi hunyonya maji na madini yaliyoyeyuka, na uzi wa asbesto haumo katika hayo. Nyanya haiwi na asbesto ndani yake. Shida ni udongo unaong'ang'ania nje, hasa kwenye mazao ya chini kama karoti, na vumbi unalolivuta wakati wa kuyang'oa. Kwa hiyo karoti zote nililowesha, nikakata majani juu ya ardhi, nikaziacha ziozee humohumo. Niliumia, zilikuwa zimeshiba vizuri.

Spinachi ndiyo iliyokuwa imeniashiria mapema, nami sikuelewa. Majani yalikuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, na mbolea haikusaidia. Sababu haikuwa nyuzi zenyewe bali saruji: chokaa yake ilipandisha pH ya udongo (kipimo cha asidi na alkali) hadi juu ya 8, na katika udongo wa namna hiyo mmea hushindwa kupata chuma hata kama kimo tele. Tangu hapo, nikiona njano ya aina ile karibu na mahali palipobomolewa jengo, nauliza kwanza kilichofukiwa.

Nilikwenda kwa daktari nikitaka kipimo cha kunihakikishia kuwa tuko salama. Hakuna. Magonjwa ya asbesto, yakiwemo makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na mesothelioma, ile saratani ya utando unaofunika mapafu, huchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza. Hatari hukua kadiri mtu anavyovuta vumbi kwa wingi na kwa muda mrefu, kwa hiyo misimu yangu miwili si sawa na maisha ya mchimba mgodi wa asbesto. Lakini si wachimbaji peke yao wanaougua. Mwaka 1960, mtafiti J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma huko Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini; waliishi tu jirani na migodi ya asbesto. Daktari aliandika kwenye faili letu kwamba tuliwahi kukutana na asbesto. Pia alimwambia mume wangu aache sigara, maana moshi na asbesto vikikutana mapafuni hatari ya saratani huzidishana. Ameacha.

Vipande vikubwa viliondolewa na mafundi wenye kibali, waliovaa barakoa maalumu za kuchuja vumbi laini. Ya kitambaa haitoshi. Walimwagia maji muda wote. Kisha kona nzima ilitandikwa kitambaa kizito kinachopitisha maji, kikafunikwa kwa nusu mita ya udongo safi. Juu yake nimepanda nyasi tu, wala sipandi mti, kwa kuwa mizizi yake ingetoboa kitambaa na mti ukianguka ungefumua kila kitu. Mboga ziko upande mwingine, kwenye vitanda vya mbao vilivyoinuliwa. Viatu vya bustani haviingii ndani, na baraza nafuta kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu nimeuacha.

Juzi, baada ya mvua kubwa, mwanangu aliniita kutoka karibu na uzio. "Mama, kuna kingine hapa." Alikuwa amesimama hatua tano nyuma, mikono ameiweka mgongoni. Kilikuwa kipande kidogo, hakizidi ukucha. Nilivaa barakoa na glavu, nikachukua chupa ya maji na mifuko miwili.