Vumbi jeupe la Siena na zabibu za baba Hombolo

Mwaka wa kwanza nilivyofika huku Toscana nilikua naendesha gari kwa leseni ya nyumbani, alafu mwaka ukaisha na leseni nayo ikaisha nguvu, maana Italia wanakupa miezi 12 tu toka uandikishwe kuwa mkazi, baada ya hapo leseni ya Tanzania haibadilishwi, unaanza upya darasani, maswali 30 kwa Kitaliano ndani ya dakika 20 na ukikosa zaidi ya matatu umefeli. Kwahiyo nikanunua baiskeli. Sikuinunua kwa mapenzi, niliinunua niende nayo kazini, ghalani, kilomita 9 kutoka ninapokaa. Jirani ndo aliyeniuzia, tairi pana za milimita 40 zenye meno madogo, usukani uliokunjwa kama wa mashindano, akaniambia hii ni graveli, lami inapita na vumbi inapita, wewe panda tu.

Sasa mimi nimezaliwa Hombolo, Dodoma. Vumbi nalijua. Mzee wangu alikua na Phoenix nyeusi, ile ya keria pana nyuma, na msimu wa zabibu anafunga kreti mbili kwa mipira anasukuma mpaka zinapopakiwa kwenye fuso, na mimi natembea nyuma nashikilia zisimwagike. Kwetu baiskeli ni mzigo, na barabara ya vumbi ni kitu ambacho kila uchaguzi watu wanaahidiwa kitaondolewa. Ndo maana siku ya kwanza nilivyotoka nje ya mji wa Siena nikakuta lami imekatika, mbele kuna barabara nyeupe kama unga inapanda kilima katikati ya mizabibu, na pembeni kuna kibao cha kahawia kimeandikwa L'Eroica kama vile ni kaburi la mfalme, nilisimama nikakisoma mara mbili.

Wenyewe wanaziita strade bianche, barabara nyeupe. Mawe ya eneo hili ni ya chokaa mengi, yakisagwa yakamwagwa barabarani yanatoa hiyo rangi, na kiangazi gari likipita linaacha wingu la vumbi nyuma unaliona kutoka kilima cha pili. Miaka ya 1990 zilikua zinawekwa lami moja baada ya nyingine, na kuna mtu wa Gaiole in Chianti anaitwa Giancarlo Brocci akaona zikiisha hizi na historia ya baiskeli ya hapa imeisha, mwaka 1997 akakusanya waendeshaji 92 wakazunguka nazo kwa baiskeli za zamani. Hiyo ndo L'Eroica, mpaka leo ipo kila Oktoba, masharti ni baiskeli ya kabla ya 1987, waya za breki zinaonekana nje, pedeli za mikanda, na njiani hawakupi vijeli, ile sukari ya kufyonza ya wanamichezo, wanakupa mkate, supu ya ribollita na waini. Walioingia njia ndefu wanaondoka Gaiole usiku bado, na mpando wa kwenda ngome ya Brolio unawashiwa mishumaa pembeni. Mwaka 2007 yakaja na mashindano ya maprofeshono, Strade Bianche yenyewe, yanafanyika Machi na kumalizikia uwanja wa Piazza del Campo ndani ya Siena. Yaani vumbi lilipewa watetezi, jamani. Mimi hilo sikuwahi kulifikiria maishani.

Njia yangu ya Jumapili natoka Siena napanda kuelekea Brolio, nashukia Gaiole, nazunguka narudi, kama kilomita 70, na ukijumlisha mipando yote ni zaidi ya mita 1200. Ukiangalia kwenye picha unaona vilima laini vizuri na miti mirefu ya misaipresi imesimama mstari, ila miguu inajua ukweli mwingine. Mipando ya hapa haina utaratibu, inaanza ghafla, inakua mikali mita 200, inalegea, inakaba tena. Kwenye vumbi ukisimama juu ya pedeli tairi la nyuma linazunguka bure linatupa kokoto, lazima ukae kwenye siti, mwili mbele kidogo, gia nyepesi, uvumilie. Kushuka ndo kuna elimu zaidi. Mwanzoni nilikua najaza upepo mpaka tairi liwe gumu kama nilivyozoea kwa mzee, maana Phoenix yenye mzigo inataka upepo mwingi, basi siku moja kwenye kona ya kushuka tairi la mbele likateleza juu ya kokoto nikalala na ubavu, kiwiko kikachunika chote. Siku hizi naweka bar 2.5 tu, tairi za tyubulesi, zisizo na mpira wa ndani, zenye ile dawa ya maji inayoziba pancha yenyewe, nafuata alama ya magurudumu ya magari pale kokoto zimeshindiliwa, na breki namaliza kushika kabla ya kona. Tairi laini linakumbatia jiwe, gumu linalirukia.

Na kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Januari ni msimu wa kuwinda, nguruwe mwitu hapa ni wengi na wanakula zabibu kweli kweli. Wawindaji wanaweka kibao njiani kwamba msako unaendelea. Navaa kizibao cha rangi kali, na kama nina siku ya mapumziko katikati ya wiki nachagua Jumanne au Ijumaa, siku hizo mbili sheria hairuhusu kuwinda.

Lakini kilichonifunga mimi na hizi njia ni zabibu. Gari linakupitisha, baiskeli kwenye mpando unakwenda kilomita 8 kwa saa, unaona kila mzabibu ulivyofungwa, unaona udongo una vipande vya mawe kama vigae, unasikia harufu. Mwishoni mwa Julai nilikuta mzee mmoja anakata vichala vibichi vizima anaviangusha chini. Nilisimama. Nikamuuliza kwa Kitaliano changu, vina ugonjwa? Akasema hapana, ni vizima, ila mzabibu mmoja ukibeba vingi vyote vinakua na maji tu, anapunguza ili vilivyobaki vipate utamu, na tena kwa Chianti Classico, waini ya eneo hili, hairuhusiwi kuvuna zaidi ya tani 7.5 kwa hekta. Nikamwambia baba yangu analima zabibu Tanzania. Hakushangaa kama wengi wanavyoshangaa, aliuliza tu, udongo gani? Nikamwambia mchanga mwekundu, jua kali, mvua chache. Akatikisa kichwa kama mtu anayeliona shamba lenyewe, akanijazia chupa maji.

Mengine nimeyajua kupitia yeye. Kwamba mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo wa Tatu, alitoa amri kuchora mipaka ya waini ya Chianti, nje ya hapo huwezi kuiita hivo. Kwamba pale Brolio ninapopumzika ndo kwake Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, na ndiye aliyeandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu za Chianti uwe vipi, Sangiovese ikiwa ndo mama, na leo sheria ya Chianti Classico inataka isipungue asilimia 80. Na jogoo mweusi unayemuona kwenye chupa za Chianti Classico, hadithi yake ni kwamba Firenze na Siena walichoka kupigania mpaka, wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi aondoke jogoo akiwika, watakapokutana ndo mpaka. Siena wakalisha jogoo wao mweupe akashiba akalala, Firenze wakamnyima chakula wao mweusi akawika usiku bado, wakakutana Fonterutoli, karibu kabisa na Siena. Napapita pale kwa baiskeli, muda wa kahawa haujafika hata kidogo.

Nilivyompigia baba kumsimulia vile vichala vilivyoangushwa chini alinyamaza kwanza. Kuna mwaka sisi zilioza shambani zote, mnunuzi aliahidi lori, lori halikuja, tukawa tunawaita majirani waje wachukue bure. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia kuna watu wanakata kichala kizima kwa mkono wao na bado wanauza chupa moja bei ya kreti zake kadhaa, anahitaji muda. Na habari ya kutetea barabara ya vumbi isiwekwe lami hakuikubali, aliniambia mwanangu, sisi tuwekewe kwanza, zabibu zikifika sokoni hazijapondeka ndo tutaongea habari ya uzuri. Mimi nipo upande wake. Hawa wana lami bonde la pili, lori la kiwandani linapita kule, hii nyeupe wameibakiza kwa sababu haimkwamishi mtu.

Njiani watu wazima wakikupita wanasema ciao na dai dai, yaani mambo na kaza kaza, na mara kadhaa nimeitwa Girmay. Naipokea kwa moyo wote. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya Giro d'Italia pale Jesi mwaka 2022, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua kwenye yale mashindano makubwa matatu ya baiskeli, Giro, Tour de France na Vuelta, na 2024 akachukua jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, Tour de France. Ila mimi kwenye kokoto namkumbuka zaidi Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya graveli kule Vermont, Marekani. Alitaka vijana wa Afrika Mashariki wapate nafasi kwenye mchezo huu, na barabara za mchezo huu ni zile zile tulizokulia. Kila nikifika juu ya Brolio nikishusha mguu nalitaja jina lake.

Wiki iliyopita mavuno ya huku yalikua yanamalizika, trela zinatiririka juisi barabarani, nyuki kila mahali, nikampigia baba video nikiwa nimesimama katikati ya mistari. Akaangalia kimya, akaniambia sogeza simu nione walivyopogoa. Nikasogeza. Akauliza wanavuna mara ngapi. Nikamwambia moja, baridi ikiingia Novemba mzabibu unalala mpaka Machi, haufanyi kitu. Kwetu haulali, ukipogoa unaamka, unavuna mara mbili kwa mwaka.

"Moja tu?" akasema. "Na mvua ya mawe ikija?"

"Wanasubiri mwaka mwingine, baba."

Akakaa kidogo akifikiria. "Mpe pole huyo mzee. Alafu muulize ule mkasi wake wa kupogolea kaununua wapi, ukija Desemba uniletee."